Matetemeko yetu tuyasome wenyewe

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa na mwalimu mstaafu wa jiografia mbele ya walimu wa sayansi na watumishi wa halmashauri.)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya programu za kompyuta zinazotumika kufundishia na kuchunguzia matetemeko ya ardhi. Najua wako miongoni mwenu waliosikia jambo hili wakasema moyoni kwamba hayo ni mambo ya wakubwa, ya nchi zenye fedha na maabara. Naomba mnivumilie kidogo, kwani nitaanzia nyumbani.

Siku ya Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, yapata saa tisa na nusu alasiri, ardhi ilitikisika mkoani Kagera. Watu zaidi ya kumi na tano walipoteza maisha, mamia walijeruhiwa, na nyumba kwa maelfu zilibomoka au kupata nyufa. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika kiasi cha kulazimika kufungwa. Ilikuwa alasiri ya Jumamosi. Kila mwalimu aliyeko hapa aweza kujijibu mwenyewe ingekuwaje kama ingalikuwa Jumanne saa nne asubuhi.

Sasa, siku zile mwananchi aliyetaka kujua kilichotokea aliambiwa nini? Habari za kwanza zilisema ukubwa wa tetemeko ulikuwa 5.7, baadaye zikasema 5.9. Juu ya kina chake, yaani tetemeko lilianzia umbali gani chini ya ardhi, ziko habari zilizosema kilomita 10, na ziko zilizosema kilomita 40. Tofauti ya kilomita 30 si jambo dogo. Wanafunzi waliuliza ni ipi iliyo kweli, na kwa nini wataalamu wasikubaliane. Wengi wetu hatukuwa na jibu. Wengine tuliwajibu kwamba wataalamu wa nje ndio wanaojua, na hapo tukafunga daftari.

Jibu lenyewe halikuwa siri. Ili tulielewe, hatuna budi kwanza kuelewa jinsi mahali pa tetemeko panavyotafutwa.

Mwamba unapovunjika chini ya ardhi hutoa mawimbi ya namna mbalimbali. Yako mawimbi ya kwanza, ambayo katika miamba ya juu ya dunia huenda kiasi cha kilomita 6 kwa sekunde, na yako mawimbi ya pili, ambayo huenda kiasi cha kilomita 3.5 kwa sekunde. Ni kama watu wawili waliotoka kijiji kimoja pamoja, mmoja kwa baiskeli na mwingine kwa miguu: kadiri safari inavyokuwa ndefu, ndivyo wanavyofika kwa kupishana zaidi. Chombo cha kupimia tetemeko huandika saa ya kufika ya kila mmoja. Ukichukua tofauti ya sekunde hizo ukazidisha kwa 8, utapata kwa kukadiria umbali wa tetemeko kwa kilomita. Kutoka mahali pa lile tetemeko la Kagera hadi Mbarara, Uganda, ambako kuna kituo cha kudumu cha kupimia matetemeko, ni kama kilomita mia moja hivi. Basi tofauti inayotazamiwa hapo ni sekunde 12 au 13. Hesabu hiyo ni ya mtoto wa darasa la saba.

Kituo kimoja hukupa umbali bila kukuonyesha upande. Ndiyo maana hutakiwa vituo vitatu au zaidi: unachora duara kuzunguka kila kituo, na pale duara zinapokutana ndipo kwenye kitovu. Kwa miaka mingi nilifundisha somo hili kwa chaki na bikari. Vitabu tulivyokuwa navyo vilitoa mifano ya California na Japani. Wanafunzi walichora duara tatu, zikakutana vizuri kabisa, wakapata alama zao. Mwaka mmoja, siku chache baada ya mtikisiko mdogo uliosikika hapa kwetu, kijana mmoja akainuka akaniuliza: "Mwalimu, na letu hili je?" Nikamjibu kwamba takwimu zake hatuna. Leo natambua kwamba nilimwambia uongo bila kukusudia. Takwimu za vituo vya Mbarara, na za Kilima Mbogo kule Kenya, huwekwa wazi kwa kila mtu duniani anayezitaka. Nilichokosa mimi ni maarifa ya kuzichukua na programu ya kuzisomea, na vyote viwili havikuwa vikiuzwa.

Katika hali halisi duara hazikutani vizuri. Saa hukosea, mwamba haulingani kila mahali, na tetemeko lenyewe halikutokea juu ya ardhi bali chini yake. Mwanasayansi aitwaye Ludwig Geiger alieleza njia ya kulimaliza tatizo hili mwaka 1910. Unakisia mahali pa tetemeko. Unapiga hesabu ya saa ambazo mawimbi yangefika katika kila kituo kama kisio lako lingekuwa sahihi. Unalinganisha na saa zilizoandikwa na vyombo. Unalisogeza kisio lako kidogo. Unaanza tena, mpaka tofauti ziwe ndogo kabisa. Yafaa tukumbuke kwamba mwaka huo huo wa 1910, tarehe 13 Desemba, eneo la Rukwa lilipatwa na tetemeko linalokadiriwa kuwa la ukubwa wa 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyopata kupimwa katika Afrika Mashariki. Kwa hiyo elimu na haja ya elimu hiyo vilikuwapo katika mwaka mmoja, ingawa vilikuwa katika mabara mawili.

Kazi ya Geiger ilikuwa ya kuchosha kwa mkono. Kompyuta ndiyo iliyoirahisisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Lee na Lahr wa Idara ya Jiolojia ya Marekani walitoa programu iliyoitwa HYPO71, nayo ilienea dunia nzima kwa sababu maelezo yake yalichapishwa pamoja na maagizo yake yote, mstari kwa mstari. Programu nyingi zinazotumika leo, hata zile zenye picha za rangi na vidude vya kubonyeza, bado hufuata njia ile ile ya kukisia, kulinganisha na kusogeza.

Na hapa ndipo tunaporudi kwenye zile kilomita 10 na 40. Kina cha tetemeko ndicho kitu kigumu kuliko vyote kupatikana. Kama hakuna kituo kilicho karibu, mawimbi yote hufika kwa ubavu, na kompyuta huweza kulipandisha au kulishusha tetemeko bila saa za kufika kubadilika sana. Inapokuwa hivyo, ni desturi ya mashirika makubwa kuchagua kina cha kukadiria na kukishikilia, na mara nyingi kina hicho ni kilomita 10. Kwa hiyo, ndugu zangu, mkiona taarifa ya tetemeko imeandikwa "kilomita 10", ulizeni kwanza kama namba hiyo imepimwa au imewekwa tu ili hesabu iweze kwenda. Tena kila programu huhitaji kuambiwa mawimbi huenda kwa kasi gani katika kila tabaka la mwamba. Mtumiaji asipoweka tabaka za nchi yake, programu itatumia zile ilizotengenezwa nazo, za nchi nyingine kabisa, nayo italeta jibu bila kulalamika. Kompyuta haina haya. Itakupa jibu lenye tarakimu nne baada ya nukta hata kama ulichoipa ni uvumi.

Je, mtumishi wa halmashauri yamhusu nini mambo haya? Yamhusu sana. Tetemeko la karibu na uso wa ardhi hutikisa kwa nguvu eneo dogo lililo juu yake. La ukubwa huo huo lililo chini sana hutikisa eneo pana zaidi, lakini kwa nguvu ndogo pale juu yake. Mhandisi anayeamua ukuta wa shule uwe na nondo kiasi gani, na afisa anayeamua zahanati ijengwe bondeni penye udongo laini au mlimani penye mwamba, wote wawili wanaitegemea namba hiyo, wajue wasijue.

Nije sasa kwenye programu zenyewe. Nitazitaja chache ninazozifahamu kwa kuzitumia, sitawachosha kwa orodha.

Kabla ya hapo nina kisa. Nilipata kufanya kazi ya muda katika ofisi moja, ambayo sitaitaja, iliyokuwa imeletewa chombo cha kupimia matetemeko pamoja na programu ya kukisomea. Programu ile ilikuwa na ufunguo wa miaka miwili. Siku ufunguo ulipokwisha, kompyuta ilitutangazia kwamba hatuna ruhusa tena. Kumbe na rekodi zote tulizokwisha kuzikusanya zilikuwa zimehifadhiwa kwa namna ambayo programu ile peke yake ndiyo iliyoweza kuzifungua. Tuliandika barua. Tulijibiwa kwa ankara. Rekodi za ardhi yetu, zilizochukuliwa kwa umeme wetu na kulindwa na mlinzi wetu, zikawa zimefungiwa ndani ya kabati letu wenyewe na ufunguo uko kwa mwingine.

Ni kwa sababu hiyo napendelea zile ziitwazo programu huria. Programu huria ni ile ambayo maagizo yake ya ndani yako wazi; yeyote aweza kuyasoma, kuyarekebisha na kumpa mwenzake nakala bila kuvunja sheria. Kadhalika rekodi za matetemeko huhifadhiwa siku hizi kwa mtindo mmoja uliokubaliwa kimataifa, uitwao miniSEED, ili chombo cha nchi moja kiweze kusomwa na programu ya nchi nyingine. Ofisi yoyote inayotaka kununua chombo cha aina hii ingefaa iandike sharti hilo katika zabuni kabla ya jambo lingine lolote.

Kwa kazi za ofisi na uchunguzi, iko SEISAN, iliyotoka Chuo Kikuu cha Bergen, Norway, chini ya uongozi wa Jens Havskov na Lars Ottemöller. Ndani yake mna kila kitu: kusoma rekodi, kuweka alama mawimbi yanapofika, kupata mahali na ukubwa wa tetemeko, na kutunza daftari la matetemeko yote. Inafanya kazi katika kompyuta ya kawaida, na haidai intaneti kila wakati. Sura yake si ya kupendeza, nakiri. Mara ya kwanza nilipoifungua nilidhani imeharibika. Lakini mtu aliyeizoea kwa majuma mawili huwa ameielewa kazi yenyewe, maana haimfichi kitu.

Kwa vyuo, na kwa walimu wenye ari ya kujifunza, iko ObsPy, iliyoanzia Munich, Ujerumani, ikatangazwa kwa wanasayansi mwaka 2010. Hii hutumia lugha ya kompyuta iitwayo Python, ambayo nayo haiuzwi. Kwa mistari kumi hivi ya maagizo mwanafunzi aweza kuita rekodi ya kituo fulani kwa tarehe na saa anayotaka, kuondoa kelele za magari na upepo, na kuchora mchoro wa mawimbi. Faida yake kubwa darasani ni kwamba maagizo yanabaki yameandikwa. Mwalimu akiona jibu la mwanafunzi limekosewa, anasoma maagizo na kuona kosa liko mstari gani, kama vile tunavyosahihisha hesabu kwa kutazama njia. Programu ya kubonyeza vidude humwacha mwalimu na jibu tupu.

Kwa shule za sekondari ziko programu nyepesi zaidi. Alan Jones wa Chuo Kikuu cha Binghamton, Marekani, alitunga kadhaa, na mojawapo huonyesha mawimbi yakitembea ndani ya dunia, yakipinda na kuruka yanapokutana na kiini chake. Nimewahi kuionyesha darasa la watoto sitini kwa kompyuta moja na shuka jeupe ukutani. Dakika ishirini zile zilifanya kazi iliyokuwa ikinichukua vipindi vitatu.

Hata hivyo programu bila rekodi ni jembe bila shamba. Katika miaka ya 1994 na 1995 vituo vya muda vipatavyo 20 vilisimikwa katika sehemu mbalimbali za Tanzania, katika uchunguzi uliowahusisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani. Uchunguzi huo ulisaidia kuonyesha kwamba chini ya uwanda wa kati wa nchi yetu mna mwamba wa kale ulio mnene, ambao mikondo miwili ya Bonde la Ufa, wa mashariki na wa magharibi, imeupitia pembeni. Rekodi zake zilihifadhiwa katika ghala la ushirika wa vyuo uitwao IRIS, ulioanzishwa mwaka 1984, na ambao mwaka 2023 uliungana na mwenzake ukawa EarthScope. Ziko wazi. Kijana wa Dodoma aweza kuziita leo na kuona jinsi ardhi ya Dodoma ilivyotikisika kabla hajazaliwa. Wangapi wamezifungua? Sina haja ya kuwauliza mnyooshe mikono.

Haki itendeke: wako waliokwisha kuanza. Mpango wa AfricaArray, ulioanzishwa mwaka 2004 kwa ushirikiano wa vyuo na taasisi za Afrika ya Kusini na Marekani, umefundisha vijana wa nchi nyingi za Afrika na kueneza vituo. Mwaka 2017 wataalamu wa mpango huo na wa Wakfu wa GEM, wenye makao yake Pavia, Italia, walichapisha tathmini ya hatari ya matetemeko katika Bonde la Ufa. GEM ndio walioitoa OpenQuake, programu huria ya kukadiria mahali fulani paweza kutikisika kwa nguvu gani katika muda wa miaka mingi ijayo.

Lakini OpenQuake hula daftari la matetemeko. Kama daftari ni fupi na lina mapengo, ramani itakayotoka itakuwa na mapengo yale yale, ila sasa yamepakwa rangi nzuri. Afisa mipango huona sehemu isiyo na nukta akadhani hapana hatari, kumbe hapakuwa na kituo cha kuyasikia matetemeko madogo. Kila tetemeko dogo linaloandikwa vizuri Kigoma, Mbeya au Manyara linajaza ramani hiyo. Kazi hiyo haifanywi na programu. Inafanywa na mtu aliyekaa mezani kila asubuhi akisoma mawimbi ya jana.

Wako watakaosema: programu huria ni bure, basi gharama haiko. Huko ni kujidanganya. Gharama iko katika muda wa mtumishi wa kujifunza, katika umeme usiokatika, na katika kumwacha mtu huyo katika kazi hiyo badala ya kumhamishia idara nyingine mara anapoanza kuiweza. Nimeona hili la mwisho likitokea zaidi ya mara moja, na kila mara tukaanza upya na kijana mpya na kitabu kile kile cha maelezo ya Kiingereza.

Na hilo la lugha nalo ni letu. Vitabu vya maelezo vya programu hizi havijaandikwa kwa Kiswahili. Walimu tungeweza kuanza na maneno machache tuliyokubaliana. Binafsi nimezoea kusema "kiini" kwa pale chini mwamba ulipovunjika, na "kitovu" kwa pale juu ya ardhi palipo mkabala nacho. Vyombo vya habari huyachanganya mawili hayo kila siku. Mwenye maneno bora na ayalete.

Nitaje jambo moja zaidi. Baada ya kila tetemeko kubwa uvumi huzuka: kesho saa fulani litakuja jingine kubwa kuliko la kwanza, watu wasilale ndani. Hakuna programu duniani iwezayo kutaja siku na saa ya tetemeko lijalo, na anayedai anayo anatafuta fedha. Kinachojulikana ni kwamba matetemeko madogo yanayofuata hupungua kwa utaratibu; Mjapani Fusakichi Omori aliueleza utaratibu huo mwaka 1894 kwa hesabu fupi. Darasa lenye rekodi na programu laweza kuyahesabu matetemeko hayo siku baada ya siku na kuyaona yanapungua. Mtoto aliyeyahesabu mwenyewe atarudi nyumbani na jambo la kumweleza bibi yake anayeogopa kuingia ndani. Tena atamwambia kweli yote: kwamba kupungua si kukoma, na kwamba nyumba yenye ufa isiingiwe mpaka ikaguliwe.

Ndugu Mwenyekiti, sitaki kuendelea kusema wakati vifaa viko. Kompyuta tatu ziko pale nyuma ya ukumbi. Nimekwisha kuzipakia programu nilizozitaja pamoja na rekodi za vituo vya jirani za tarehe 10 Septemba 2016, ili tusiitegemee intaneti ya hapa, ambayo sote tunaifahamu. Nimeleta pia ramani za karatasi na bikari kumi kwa wale ambao hawatapata nafasi mbele ya kompyuta. Sekunde nitawasomea mimi. Baada ya chai tutajipanga watu wanne wanne. Kila kundi litatafuta kitovu bila kutazama jibu la jirani, kisha tutayabandika majibu yote ukutani tuone yametofautiana kwa kilomita ngapi na kwa sababu gani. Naomba walimu waliotoka Kagera waanze wao, maana tetemeko lile ni lao.